Nafasi ya Mutu Mumoja

Mwajuma mudogo wangu, mutoto wa mama yangu,

Amahoro. Mimi ni muzima. Neno hilo nimeliweka mbele ya mengine yote ulisome kabla hujaanza kulia, maana nakujua. Miguu mizima, macho mazima, na mudomo ndio muzima kuliko vyote. Na wewe? Goti lako la kushoto linasema nini? Ile dawa niliyokutumia unaipaka, au umeifungia sandukuni inasubiri sikukuu? Ipake. Na paa la jikoni linavuja bado? Habari ya mvua ya huko nimeisikia kwa watu, si kwako.

Barua yako imefika. Zaina mwanangu alitaka kunisomea, nikamunyang'anya. Herufi nilizofundishwa chuo cha Kurani na ile miaka yangu miwili ya shule zinatosha kabisa kusoma upumbavu. Mumenisomea hitima! Mimi! Munakaa mukekani munakula wali wa kunizika, na mimi huku nimebeba kikapu cha viazi ninapanda ngazi! Eti mulimuomba Mungu anirahisishie safari. Safari ya wapi, Mwajuma? Na nani alipika? Kama ni wifi yetu, basi hata wali wenyewe uliungua.

Najua habari hiyo ilitoka wapi. Nitakueleza yote, na wewe utaisoma kwa sauti mbele ya wote waliokula wali ule.

Unanijua nilivyokuwa. Siku ya Uhuru, walipopandisha bendera, walituwekea viti sisi wauzaji wakubwa wa mawese, changu kikavunjika miguu yote minne. Watu walicheka, na mimi nikacheka kuwashinda. Wakati ule sikuwa na haya. Mutu akiniona nilivyonona alijua mafuta yangu hayana maji. Waliniita Pipa, nikaitika.

Kiti hakikuniuma. Kilichoniuma unakijua, na hatujakisema hata mara moja. Leo nakisema mimi.

Mwaka wa sabini na mbili, asubuhi ile tunakimbia mauaji, kando ya maji, moshi nyuma yetu, watu wanaitana majina. Boti imejaa, na sisi wawili tumo ndani. Mwenye boti akanitazama, akasema, "Huyu mama ni watu wawili. Mutu mumoja ashuke, ama tunazama wote." Mimi mukubwa wako nilishika ubao wa boti nikatazama chini. Wewe ukasimama, ukaweka kifurushi kichwani, ukaingia majini mpaka kiunoni. Ulisema, "Dada, nenda. Nitakuja na ingine." Ingine gani? Haikuwepo. Ulitembea ndani ya michikichi mpaka Nyanza-Lac, halafu ukavuka mupaka, na mimi Kigoma nilikaa miezi mitatu sijui kama uko hai. Watu wengine wakiwa na huzuni wanakonda. Mimi nilikula.

Siku uliyotokea, umebaki mifupa, hukuniuliza kitu. Uliniuliza tu kama nimeshakula.

Basi Zaina aliponileta huku Bulaya, nyumba yao iko juu, na mimi ngazi nilikuwa nazipanda kwa vituo kama gari la Bujumbura. Kuswali ilikuwa kwenye kiti. Paji langu la uso halikugusa chini miaka tisa. Akanipeleka hopitali. Mizani ya waganga ilifika mwisho wake ikagoma. Wakanishusha kule wanakofua mashuka, wakanipima kwenye mizani ya mizigo. Zaina akalia. Nikamwambia, "Unalia nini? Pipa linapimwa panapopimwa mapipa." Lakini masikioni nilikuwa namusikia yule mwenye boti.

Walinipa kwanza majani ya kula, miezi sita. Nilipungua kilo nne, hasira ikaongezeka kilo kumi. Ndipo muganga wa kupasua, muzee mwenye nywele masikioni, akatuita akachora tumbo kwenye karatasi.

"Mama," anasema, na Zaina anatafsiri, "iko njia mbili. Ya kwanza, tunaliacha tumbo, tunafupisha njia ya utumbo. Chakula kinapita mbio, mwili haupati nafasi ya kukishika. Utakula kama zamani. Hiyo nimewafanyia wengi."

Kula kama zamani! Nilitaka kumubusu. Lakini mimi nimeuza sokoni miaka thelathini, najua mutu akisifu bidhaa namna hiyo, unaigeuza chini.

"Na choo?"

Muzee akakohoa. "Mara nane. Kumi kwa siku. Mwanzoni zaidi."

"Na upepo?"

Zaina akaona aibu. "Mama, hilo silitafsiri."

"Tafsiri! Nimekuzaa, mimi mwenyewe nilikupangusa."

Akatafsiri. Upepo, anasema muganga, mwingi, na harufu yake si nzuri.

"Sasa muulize: mutu wa kukimbilia choo mara kumi, na katikati upepo, udhu anaushika namna gani kwa sala tano? Nikitawadha, kabla sijafika mukekani umevunjika. Nirudi. Nitawadhe. Umevunjika. Nitakufa niko bombani."

Muzee alivua miwani akamutazama Zaina, halafu akanitazama mimi. Kwa kazi yake yote, alisema, hajasikia mugonjwa anachagua kwa njia hiyo. Nikamwambia ndiyo sababu nimekuja, asikie.

Najua mwalimu wa chuo atasema iko ruhusa kwa mugonjwa. Murakoze, asante mwalimu, naijua. Lakini mimi sikwenda kukatwa ili niwe mutu wa ruhusa.

Njia ya pili, wanalikata tumbo lenyewe, wanaacha kipande kidogo juu kama kikombe cha kahawa, wanakiunga na utumbo. Kula utakula vijiko. Sukari itakuwa adui yako. Na sindano kila mwezi mpaka kaburini. Hiyo alikuwa amewafanyia watu wachache tu, na aliniambia wazi, hakunificha.

"Sindano haivunji udhu," nikasema. "Kata hiyo."

Zaina akanishika mukono. "Mama, ni hatari zaidi. Anaijua kidogo. Na bugali hautakula tena kama mutu."

"Nilikula kama watu wawili miaka mingi. Nimeshakula sehemu yangu."

Walinipasua kutoka kifuani mpaka kitovuni. Siku tatu za kwanza nilimutukana muganga kwa Kiswahili, na yeye anaitika "Merci, mama." Mwezi wa nne tangu nipasuliwe nywele zilianguka, zikarudi nyeupe. Ngozi ya mikono inaning'inia kama mikono ya kanzu. Sema kwa watu hiyo pia, sifichi.

Nikasahau sukari. Nilikunywa chai yangu, vijiko vinne, kama mutu. Jasho! Moyo unapiga ngoma, nyumba inazunguka, nikalala chini nikatoa shahada. Baada ya nusu saa nikaamka nina njaa. Tangu siku hiyo chai nakunywa kavu, na nimegundua maisha yangu yote sikuwa najua ladha ya majani ya chai.

Sasa sikia ya sikukuu ya Idi, maana hapo ndipo hitima yenu ilipoanzia. Tulialikwa muchana kwa mama mumoja wa kwetu, mutu wa Muhuta. Akaweka bugali wa muhogo, samaki mukeke mukavu, mawese yanang'aa. Mwajuma, machozi yalinitoka. Muganga alisema nitafune kila kitu mpaka kiwe uji. Lakini nani, tangu ziwa liwepo, ametafuna bugali? Mukono wenyewe ulikumbuka kazi. Nikafinya tonge, nikachovya, nikameza. La pili, nikameza. La tatu likakaa mulangoni. Likagoma kushuka, likagoma kupanda. Maumivu hapa chini ya kifua kama mutu ananikanyaga. Nilikimbilia beseni la mwenye nyumba.

Wanawake wakasimama. Mumoja anasema, "Wamemuroga." Mwenye nyumba anasema, "Mama Zaina, chakula changu kina nini?" Nikitaka kumujibu, linakuja la pili. Alikasirika, na kabla wiki haijaisha aliwaandikia kwao kwamba Mama Zaina amebaki mifupa, hamezi kitu, anaondoka. Kutoka Muhuta mpaka Rumonge nyumbani habari ikaongezewa sanda.

Sikuwa naondoka. Nilikuwa sijui kutafuna. Sasa natafuna bugali kama mbuzi, tonge kama kidole gumba, sita tu, wajukuu wananicheka, na mimi nashiba.

Na sikia hii. Mwezi wa tano, sala ya adhuhuri, nilikisukuma kiti pembeni. Zaina alikuja mbio anishike, nikamwambia toka. Nikashuka. Magoti yakalia. Paji la uso likagusa mukeka. Nilikaa pale chini muda mrefu hata Zaina akadhani nimekufa kweli, akaanza kuniita. Sikuwa nimekufa. Nilikuwa namuambia Mungu habari za miaka tisa.

Jumapili iliyopita mukwe wangu alitupeleka kwenye bustani, iko kiziwa cha kuchimba, maji yake huwezi hata kuoshea sufuria. Lakini iko viboti vya kukodi. Nikasimama. Mukwe anasema, "Mama, turudi, baridi." Nikasema, "Hapana. Hiyo." Mwenye viboti alikuwa anafunga kamba. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, na mimi nikamutazama, nasubiri aseme. Akatuingiza mimi, mukwe na Zaina kwenye kimoja, kiboti kikatulia juu ya maji. Akasema, na Zaina anatafsiri, "Bado iko nafasi ya mutu mumoja."

Mukwe alitaka kumuita jirani yake aliyekuwa pale. Nikamwambia, "Iache hiyo. Iko na mwenyewe."

Nakuja, Mwajuma, mvua ya masika ikiisha. Muganga amekubali. Sindano za miezi sita ziko kwenye mufuko wangu. Zaina anasema ndege inashuka Bujumbura na barabara inafika mpaka Rumonge. Nikamwambia barabara sikukosana nayo, nilikosana na boti. Gari itaniacha Magara, pale wanapouza samaki. Unisubiri hapo. Usitafute mwanamke munene, utanipita. Tafuta mwanamke anayegombana na wachuuzi.

Musalimie wifi yetu, mwambie nimesamehe wali. Musalimie mwalimu wa chuo, hitima aliyonisomea aiweke, ataitumia siku yake ikifika. Shangazi yetu kipofu mushikishe mukono kwa niaba yangu. Jirani anayekamua mawese aniwekee chupa moja, ndogo, anisikie vizuri, ndogo. Na binti yako aache kunywesha watoto chai ya sukari kama maji, nitamukuta.

Kutoka Magara mpaka nyumbani tutapanda boti. Utaingia kwanza wewe, utakaa. Mimi nitaingia nyuma yako, nitakaa nafasi ya mutu mumoja. Na mwenye boti akitaka mutu ashuke, ashuke yeye.

Dada yako mukubwa, uliyemupa nafasi yako,
Mama Zaina, muzima