Vielezi vya Kuongozea Kreni

Jumapili, 2 Juni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, na umwambie magoti yake yananihusu, asijifanye hayaumi. Mimi mzima, nakula, nalala, na leo nina furaha mpaka kalamu inateleza! Ningepiga simu, lakini wewe unasema simu inakula maneno. Haya, maneno yote haya hapa.

Yule mwelekezaji wa kreni hapa kazini ameacha kazi. Kreni ni ile mashine ndefu inayonyanyua mizigo mpaka juu ya jengo. Dereva wake ni mzee mmoja mgeni, tunamwita Ndevu. Anakaa kwenye kibanda huko juu kabisa na haoni nyuma ya kuta, kwa hiyo lazima mtu asimame na redio ya mkononi amwambie mzigo aupeleke wapi na vipi. Baba, nimeiomba nafasi hiyo! Msimamizi alicheka, kisha akaona mimi sicheki, akasema nitajaribiwa.

Kazi ya zege inaisha mwezi huu, na sisi wabeba zege tutaambiwa asanteni, nendeni makwenu. Nikipata hii nabaki mpaka jengo liishe, na ujuzi wake ninaweza kwenda nao popote. Nikiikosa, ndiyo basi, narudi nyumbani.

Shida ni moja. Ndevu anajua Kiingereza tu. Juu, chini, kushoto, kulia, hayo nimeshayashika. Lakini yale ya kumwambia afanye vipi, polepole, bado kidogo, tena, sina hata moja! Wewe ulishona sare za hoteli miaka mingi na wageni ulikuwa ukipiga nao soga. Kuuliza si ujinga. Nifundishe, Baba, tena upesi.

Binti yako,
Chiriku

Alhamisi, 6 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine ya kuweka akiba. Sisi wazima. Magoti ya mama yako yanauma na yeye anasema hayaumi. Shangazi yako anakusalimu, fundi viatu wa mlango wa pili anakusalimu, hata wateja waliofuata suruali ambazo sijamaliza wanakusalimu, ingawa kwa hasira.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Binti yangu amwamrishe mzee na kreni yake! Nimeziacha hizo suruali, nimeshika kalamu.

Maneno unayoyataka huitwa vielezi. Mengi yana mkia mmoja, -ly. Slowly ni polepole. Carefully ni kwa uangalifu. Gently ni taratibu, bila kugonga. Hayo yaweke nyuma ya kitendo: "Lower it slowly," yaani ushushe polepole. Usije ukasema "fastly", watu watakucheka, fast haina mkia na wala haiutaki. Halafu kuna always, yaani siku zote, na never, yaani kamwe. Hao wana makuu, wanapenda kukitangulia kitendo: "I always check the hook," yaani siku zote naikagua ndoano. Almost ni karibu, bado kidogo. Again ni tena. Not yet ni subiri, bado. Now ni sasa hivi.

Usiyakariri kama kasuku. Yafanyie kazi. Mlango ufunge gently, sahani zioshe carefully, mpaka mikono nayo ijue.

Mama yako keshaanza. Jana nimekaa nakula zangu, akanikazia macho akasema, "Slowly!" Nyumba hii haina amani tena.

Baba yako

Jumatano, 12 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo na Mama hajazidisha masomo. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechubuka. Ngoja nianze na mazuri.

Mazoezi yalinoga! Mwenzangu wa chumba, yule mpishi wa kantini, nilimfunga macho kwa kitambaa, nikampa beseni la maji, nikamwambia wewe leo ni kreni. Nikamwongoza kutoka mlangoni mpaka mezani. "Forward slowly. Left. Almost. Almost. Now down, gently." Akaliweka beseni mezani, tone halikumwagika! Tulipiga vigelegele mpaka wa chumba cha jirani wakagonga ukuta. Baba, haya maneno ni matamu. Neno moja tu, na mtu mzima anapunguza mwendo!

Jana nikajaribiwa. Ndoo kubwa ya zege ilikuwa inakuja nyuma ya ukuta, mimi na redio yangu, maneno yote kichwani. Lakini Ndevu ni mzee, Baba, umri wa babu yangu. Nitamwamrishaje mzee hata sijamsalimia? Nikabonyeza redio nikaanza: habari za asubuhi, mzee, umeamkaje, familia haijambo, samahani kwa usumbufu, naomba kama hutajali, tafadhali... Yote kwa Kiingereza, na mengine nikayarudia kwa heshima. Nilipofika kwenye slowly, ndoo ilishapita zamani. Zege lote likamwagika juu ya rundo la mchanga na kuyafunika matoroli matatu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Ila msimamizi alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

Ndevu ndiye aliyeniombea. Alimwambia msimamizi kwamba tangu aanze kazi hakuna mtu aliyemuulizia familia yake kwenye redio. Nimepewa nafasi moja tu, Jumamosi ya wiki ijayo. Nikiikosa nafunga mzigo. Baba, ninaogopa. Nimelelewa hivi, mdomo wenyewe unaanza na salamu!

Binti yako,
Chiriku

Ijumaa, 14 Juni

Chiriku.

Leo sisalimii, na shikamoo yako siipokei. Soma hivi hivi, kavu.

Nimecheka mpaka nikajichoma sindano, kisha nikashika kalamu, maana mwenye kosa si mdomo wako. Sisi ndio tuliokulea hivyo, na hatujuti. Ila sikiliza. Mtu aliyeshikilia mzigo juu ya vichwa vya watu, heshima yake ni kumwambia mapema. Ukimchelewesha kwa adabu umemkosea adabu.

Kwa hiyo msalimie Ndevu asubuhi, chini, kabla hajapanda. Muulize familia, kuku, mbuzi, kila kitu, umalize. Akishapanda, kila pumzi neno moja. Slowly. Stop. Again. Baada ya neno nyamaza, umsikilize na uutazame mzigo. Na "not yet" usiionee haya. Mzee akiambiwa bado na binti anayeona asichokiona yeye, hapungukiwi kitu.

Usinijibu mpaka umalize.

Baba

Jumapili, 23 Juni

Baba! Baba! Baba!

Nimepata!

Shikamoo, nimesahau, shikamoo Baba na Mama!

Jana asubuhi nilimngoja Ndevu kwenye ngazi, nikamsalimia mpaka akaangalia saa. Ana wajukuu wanne. Kisha akapanda. Nikafikiri watanipa zege. Wapi! Walinipa vioo, kreti nzima ya vioo vya madirisha, vishushwe ghorofa ya nne kupitia uwazi ambao Ndevu haoni hata ukingo wake. Mafundi vioo walikuwa wamesimama nami pale pale ghorofani wakingojea.

"Lower slowly," nikasema. Kreti ikashuka. Mara upepo ukaisukuma, ikaanza kuyumba kuelekea ukutani. Zamani ningeanza na samahani. Nikasema, "Stop." Ikasimama. Ndevu akauliza kwenye redio, tayari? Nikasema, "Not yet." Akauliza tena. Msimamizi akaniangalia. Nikasema tena, "Not yet!" Baba, nilimkatalia mzee mara mbili mbele ya watu wote! Kreti ikatulia. "Now. Slowly. Almost. Almost. Gently." Ikakaa sakafuni bila hata mlio. Mafundi wakapiga makofi, nami nikakaa juu ya mfuko wa saruji.

Ndevu aliposhuka akaniambia, "You speak clearly." Hukunifundisha hilo, lakini niliuona mkia wake, nikajua anasema ninaongea kwa kueleweka. Msimamizi amenipa redio iwe yangu. Ninabaki!

Binti yenu, mwelekezaji wa kreni,
Chiriku

Jumatano, 26 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Sisi hatujambo kabisa, tumelewa furaha. Mama yako amesimama akacheza, na magoti yakakubali. Barua yako imesomwa hapa kibandani mara nyingi mpaka wateja wameikariri.

Sasa nikwambie jambo. Siku ile uliyoandika kwamba zege linaisha, kabla sijakujibu, nilitoa ile cherehani ya pili stoo. Nikaifuta, nikaitia mafuta, nikaiweka dirishani penye mwanga mzuri. Nilijua ukikosa utarudi, nasi tutakaa hapa tukishona pamoja, na wewe uchonge mdomo siku nzima kama zamani. Nilitaka hivyo, mwanangu, sikufichi. Barua zote mbili nimekuandikia huku naitazama. Nilijua nikikufundisha vizuri hutakaa kwenye kile kiti cha dirishani, na bado nilikufundisha vizuri.

Shangazi yako ameiomba cherehani hiyo siku nyingi. Leo asubuhi nimembebea mwenyewe mpaka kwake. Nimerudi, nimeona dirisha tupu, nimelia. Nimelia kweli, usimwambie mama yako.

Halafu nimetoka mlangoni nikampigia kelele fundi viatu: "Umesikia? Binti yangu hakosei! Anaishusha kreni kwa mdomo!" Ameniambia anajua, nimeshamwambia jana. Nikamwambia tena.

Baba yako