Ninaitika kwa Jina Lako

Lisekese,
Masasi.
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mpendwa Dada Julia,

Shikamoo dada yangu. Habari za Bukoba? Shemeji Ladislaus anaendeleaje na mgongo wake? Na wewe je, presha imetulia, au bado unakula chumvi kwa kujificha kama ulivyokuwa ukimficha mama tulipokuwa wadogo? Tunasikia redioni kwamba kwenu mvua zinanyesha mpaka watu wanalalamika. Tuleteeni kidogo. Huku majabali yanashika jua mchana kutwa, jioni yanaturudishia joto lote.

Sisi hatujambo. Malaria haijapita hapa nyumbani mwaka huu, tunamshukuru Mungu. Mikorosho ya baba imechanua vizuri, tuliwahi kuipulizia dawa, na mabibo ya kwanza yameanza kuiva. Mama ana afya ya mwili. Anakula vizuri, analala vizuri, na kutembea anatembea kuliko mimi. Habari zake nyingine nitakueleza humu ndani, tafadhali usiruke mistari kwenda kuzitafuta.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Nimejaribu simu, dada. Kila nikikupigia mama anakuja kukaa karibu, ananitazama mdomoni mpaka nakata. Na lile kundi letu la familia kwenye simu limejaa picha za keki. Mtu ataanzaje kusema jambo zito katikati ya keki?

Hizo keki ni za wifi yetu Dorika. Huyo Mama Huruma wetu sasa ni mpishi wa keki Masasi nzima. Jiko la umeme hana, anatumia sufuria kubwa, mchanga chini na makaa juu ya mfuniko. Ile ya kipaimara cha watoto wa kanisa iliinama upande kama mtu aliyesinzia, lakini watu waliisifu, na tangu hapo hashikiki.

Kaka Nikolao amestaafu ualimu mwezi wa sita. Tulidhani atakaa barazani na magazeti. Thubutu! Amepata baiskeli ya gia na kofia ngumu, na kila Jumamosi yeye na wastaafu wenzake wanaendesha mpaka Lukuledi na kurudi. Amekonda, amechangamka, anazungumza habari za matairi kama zamani alivyozungumza habari za hesabu. Suruali zake zote za kazini ameniletea nizipunguze kiuno. Huruma naye ni golikipa wa timu ya wasichana shuleni kwao. Akija hapa anataka arushiwe mabibo ayadake, na kanga zangu zote zina madoa ambayo unayajua hayatoki.

Nacheka nao. Usije ukafikiri nina kijicho. Wanakuja kila Jumapili baada ya ibada, napika kisamvu na ugali wa muhogo, wanakula, wanasimulia, nyumba inajaa. Kisha wanaondoka. Nasikiliza pikipiki yao ikipotelea njiani, halafu nafunga geti kwa kufuli na ufunguo nauvaa shingoni.

Lazima nifunge. Mama akitoka hajui kurudi. Wakati wa masika alifika mbali, karibu na mto, akanyeshewa, akakutwa na wanawake waliokuwa wanatoka shamba. Basi nikaweka kufuli. Anayefungiwa ni yeye, lakini ndani tuko wawili.

Unakumbuka tulivyokaa baada ya matanga ya baba. Wewe ulikuwa umeshafunga begi. Kaka akasema, “Theo hana mume wala mtoto wa kumvuta. Akae na mama kidogo, mpaka tupange.” Mimi nikakubali, kwa sababu nilikuwa nalia, na kwa sababu neno lenyewe lilikuwa “kidogo.” Cherehani mbili nikaziacha Newala kwenye karakana ya Mama Barnaba nilikokuwa nashona, moja nikaja nayo. Hicho kidogo kimekula misimu miwili ya korosho, na hakuna aliyepanga.

Kazi nilijaribu kuifanya hapa hapa. Wanawake wa Lisekese wananipenda, waliniletea magauni, sare za watoto, mashuka ya kudarizi. Lakini mama naye, kama wenzake wote katika familia hii, amepata jambo lake jipya. Anafumua. Akiona mshono anautafuta mwanzo wake, anauchokonoa kwa sindano, akikosa sindano kwa meno, polepole, kwa uangalifu mkubwa, na uzi anauviringa uwe donge. Joho la kwaya la Oliva, jirani yetu, alilimaliza lote siku moja wakati napika. Nilikuta vipande vimekunjwa vizuri, mikono huku, kola kule, na yeye ametulia, ana furaha kama mtu aliyemaliza kupalilia. Siku hizi nampa nguo kuukuu azifumue. Anazitupa. Anataka mpya, zile nilizoshona leo. Natundika kazi za watu juu kwenye kenchi za paa kama nyama inayokaushwa, na wateja wamekuwa wakija mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, kwa upole, wakisema watarudi.

Sasa jambo ambalo sikuweza kulisema kwenye simu.

Mama ananiita Julia.

Ilianza mwaka jana, wakati wa kuokota korosho. Nilikuwa nje, nikasikia, “Julia! We Julia!” Nikadhani umefika bila kutuambia, nikakimbilia ndani. Alikuwa peke yake kitandani. Nikamwambia, “Mama, mimi Theo.”

Akanitazama kama mtu anayemtazama muuzaji mdanganyifu. “Theo yuko Newala. Ana kazi zake. Wewe Julia, njoo unichane nywele.”

Nilimrekebisha kwa muda mrefu. Kila nilipomwambia mimi Theo alilia, anasema Theo amepatwa na nini huko Newala mpaka mnaniletea mtu mwingine. Mwisho nikachoka kumliza. Sasa akiita Julia naitika, “Abee mama,” na siku inaendelea. Namwogesha nikiwa Julia, namlisha nikiwa Julia. Ukipiga simu na sauti yako ikasikika ananinong’oneza, “Huyo nani anayekuiga?” Nilicheka sana siku ya kwanza. Siku hizi sicheki.

Mwezi wa saba Mama Barnaba alinipigia. Karakana yake imekua, amepata kushona sare za shule kadhaa, anataka mtu wa kusimamia mafundi na kuwafundisha wasichana. Akasema, “Fundi, nafasi ni yako, lakini siwezi kukungoja sana.” Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, nikamfuata kaka nje. Siku hiyo alikuja na baiskeli yake; alikuwa ameipindua, anapaka cheni mafuta.

“Kaka, nataka kwenda Newala.”

“Kutembea?”

“Kufanya kazi. Mama Barnaba ananihitaji.”

Akaendelea kuzungusha pedeli. “Ni vizuri. Lakini mama amekuzoea wewe, Theo.”

“Hajanizoea mimi, kaka. Hajui hata kama niko hapa. Ananiita Julia.”

“Wazee ndivyo walivyo, wanachanganya majina,” akasema, akainama kutazama gurudumu.

Mama Huruma alikuwa mlangoni na sahani mikononi. Nilitegemea anipinge, nikuambie kweli. Yeye akasema, “Baba Huruma, mama aje kwetu wiki moja. Tujaribu. Wifi naye ni mtu.” Tangu siku hiyo sisemi tena neno juu ya keki zake.

Dada, nilikwenda. Gari lilipopanda ule mlima wa kuingia Newala na baridi ikaingia dirishani, nilifungua mdomo nikaimeza. Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika soko lote, huoni mtu mpaka akusalimie. Karakanani kulikuwa na kelele za cherehani, wasichana wanabishana, redio inapiga, mtu anaita, “Fundi Theo, njoo uone kola hii!” Kila walipoita jina langu niligeuka haraka mno, mpaka wakanicheka. Mkono ulikuwa unapanda shingoni wenyewe kutafuta ufunguo. Jioni nilitembea mpaka ukingoni, pale unapoona bonde la Ruvuma lote chini, nikasimama bila kazi yoyote. Hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi.

Wiki haikutimia. Kaka alipiga simu, na sauti yake sikuitambua.

“Theo, mama hayupo.”

Mteja alikuja kuchukua keki, geti likaachwa wazi. Walitafuta sokoni, stendi, kanisani. Kaka alizunguka mji mzima na ile baiskeli, bila kofia, anawauliza watu kama kichaa. Nilipanda gari la kwanza nililolipata, na njia nzima ya kushuka mlima nilikuwa namwahidi Mungu kila kitu nilicho nacho.

Nilipofika alikuwa ameshapatikana. Mzee Eliakimu wa hapa jirani alimkuta Lisekese, kwenye geti letu, amekaa chini ameegemea mlango, kiatu kimoja hakipo, miguu imevimba. Sijui aliijuaje njia. Yule ambaye hajui kutoka chumbani kwenda jikoni alitembea kutoka mjini mpaka nyumbani kwake.

Kaka alikuwa amepiga magoti anamwosha miguu kwa maji ya vuguvugu. Mama akaniona, akanishika mkono. “Julia, umechelewa.”

“Mama,” kaka akasema, “huyu ni Theo. Tulimwita Newala, amerudi.”

Mama akakasirika, dada. Akakaa wima kama zamani alipokuwa na nguvu zake. “Nani amekutuma umwite Theo? Mwacheni Theo afanye kazi yake! Yule ana mikono. Nyinyi mpo hapa, mnamwitia nini?”

Kaka aliacha kuosha. Alinigeukia, maji yanamdondoka kwenye vidole.

“Siku zote ndivyo anavyosema?”

“Siku zote.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikuambia, kaka. Ulikuwa unapaka cheni mafuta.”

Alilia. Sijawahi kumwona kaka akilia, hata kwenye mazishi ya baba alijikaza mbele za watu. Mimi sikulia. Nilikwenda kumpikia mama uji.

Tangu hapo mambo yamebadilika kiasi. Kaka anakuja kila Jumanne na Ijumaa na baiskeli yake, anashinda na mama mpaka jioni. Mama anaamini ni katekista amekuja kudai sadaka, anampa madonge ya nyuzi, na kaka anapokea kwa mikono miwili na kumshukuru kwa niaba ya kanisa. Mimi siku hizo natoka. Nanunua nyuzi mjini, nakunywa soda nimekaa kwenye benchi. Ijumaa moja nilijikuta stendi, nikaliangalia gari la Newala likijaza abiria. Utingo akaniuliza, “Mama, unakwenda?” Nikamwambia sijui. Likaondoka, nikarudi nyumbani kumpokea kaka zamu.

Nafasi ya kusimamia karakana imekwenda. Mama Barnaba asingeweza kungoja, amempa Happiness, binti niliyemfundisha mimi mwenyewe kutoboa matundu ya vifungo. Sina kinyongo naye, anastahili. Lakini Mama Barnaba amesema shule zikikaribia kufunguliwa Januari atahitaji fundi mwingine wa kufundisha wasichana, na cherehani zangu mbili hatampa mtu mpaka Krismasi. Kaka hawezi kukaa na mama siku zote, usiku hamwezi kabisa, na kuna mambo ya mama ambayo mtoto wa kiume hawezi kuyafanya.

Kwa hiyo nakuomba, dada, na sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Wanao wamekua, wa mwisho yuko chuo. Njoo mwezi wa kumi na moja, tuokote korosho pamoja, nikuonyeshe anavyopenda kuogeshwa na wimbo gani wa kanisani unamtuliza. Halafu nikuachie ufunguo, ukae mpaka Pasaka. Baada ya hapo tutapokezana, mimi na wewe na kaka, kwa mpango wenye tarehe. Vitenge unavyotuma ni vizuri na nakushukuru, ila usitume tena. Njoo mwenyewe.

Sitakudanganya. Huenda ukifika akakuita mgeni. Huenda akakuambia Julia yuko jikoni. Jiandae kwa hilo, ulilie njiani kabla hujashuka kwenye basi. Na kama shemeji hataki, au mgongo wake haumruhusu kubaki peke yake, niambie wazi, usiseme “tutaona.” Neno hilo nimelila limenitosha. Nikijua kwamba huji, nitajua nafanya nini na maisha yangu humu ndani.

Msalimie sana Shemeji Ladislaus, mwambie ajipake mafuta ya korosho niliyomtumia na asiyapikie. Wasalimie watoto wote. Kaka Nikolao anakusalimu, amesema mwenyewe atakuandikia, na safari hii namwamini. Mama Huruma anakusalimu na keki. Huruma anasema mwambie shangazi nimeshadaka penalti. Mzee Eliakimu na Oliva nao wanakusalimu.

Salamu za mama sina, dada. Kwake yeye wewe uko hapa, umekaa naye barazani, unaandika. Aliye mbali ni mimi: niko Newala, nina kazi zangu, sina shida. Nisaidie iwe kweli.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akufungulie njia.

Mimi mdogo wako nikupendaye,

Theodora