Machimbo ya Kulwa na Doto

Jumatatu, 8 Desemba

Nimefua tangu asubuhi na bado. Likizo imeanza, na mapacha wangu, Kulwa na Doto, wamefungua machimbo nyuma ya nyumba. Wamechimba shimo, wanaliita duara. Udongo wanautoa kwa kopo, wanauosha kwenye karai langu bovu, na hapo maji yanapomwagika ndipo mwalo wao wa kuoshea dhahabu. Kulwa ni bosi. Doto ndiye anayeingia shimoni. Mabinti wa miaka minane, wanafokeana utadhani wana leseni.

Tope mpaka kwenye nyusi. Mama mkwe angewaona angesema nimeshindwa kulea. Lakini mahali niliwachagulia mwenyewe: pale ninapomwaga maji ya kufulia, karibu na ukuta wa chumba chao. Udongo laini, na nawasikia nikiwa jikoni. Nimewachungulia dirishani nikacheka peke yangu.

Baba yao anafanya kazi kwenye karasha hapa Segese, wanaposagia mawe ya dhahabu. Anarudi mweupe kwa vumbi, wanawe weusi kwa tope. Wa kufua ni mimi.

Jumatano, 10 Desemba

Mzee Masanja, jirani yetu, amepita nyuma ya nyumba akitafuta mbuzi wake. Nimempa shikamoo, akaitikia, akasimama kuwatania watoto. Bosi ni nani, mishahara inalipwa lini. Kisha akaacha kucheka. Akamnyang'anya Doto karai, akalizungusha taratibu, akimwaga maji kidogo kidogo. Ujana wake wote ameumalizia machimbo ya Mwakitolyo, mikono bado inakumbuka.

Chembe ya dhahabu. Ndogo, ila ilikuwa inang'aa. Nimeiona kwa macho yangu.

"Mayu, hili tusimwambie mtu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma.

Mimi sijamwambia mtu. Jua halijazama, kitongoji kizima kinajua.

Alhamisi, 11 Desemba

Rashi, watu kufurika kufuata dhahabu. Hapa hapa kwangu.

Wamekuja na sululu na makoleo. Wengine nawajua, wengi siwajui. Wamepigilia vigingi, wamefunga kamba, kila mtu na kipande chake, mpaka mlangoni mwa choo. Mama mmoja ameshainjika chapati chini ya dirisha langu. Nimewafukuza. Wakaniamkia kwa adabu zote na kubaki palepale.

Mwenyekiti wa kitongoji amefika. Amesema mtu asichimbe mpaka mkutano wa Jumamosi. Na dhahabu ikionekana, nyumba itabidi ipishe.

Nyumba ipishe! Tumeijenga miaka, tofali leo, tofali mwezi ujao. Bati la mwisho tumepiga juzijuzi tu. Nina hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Kulwa na Doto wamenuna. Duara lao limechukuliwa na watu wazima.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimejua. Heri nisingejua.

Nilikuwa nawaogesha. Nikawaambia, haya, mmeona mlichotuletea? Kulwa akanijibu, huku sabuni ikimwingia machoni, "Lakini mama, kwingine tulikochimba hakung'ai. Ni pale tu unapomwaga maji ya nguo za baba."

Nikakaa chini kwenye ile sakafu yenye maji.

Nguo za karasha. Zinashika vumbi la mawe yaliyosagwa, na kwenye vumbi hilo dhahabu haikosekani. Nimekuwa nikimwaga maji yake mahali pamoja tangu tuhamie. Kiwanja chetu hakina dhahabu. Niliyeimwaga ni mimi.

Nimemwambia mume wangu alipotoka kazini. Nilidhani atacheka. Amesema nisithubutu kufungua mdomo. Mwenye karasha alishamfukuza mtu kwa mchanga uliokutwa kwenye soksi. Nani ataamini kwamba hili ni vumbi tu? Ataitwa mwizi, na hakuna karasha itakayompokea tena huku kwetu.

"Waache wachimbe," akasema. "Wakikosa wataondoka."

Nikamwambia watakapokosa, ukuta wa watoto utakuwa umelala chini. Akasema ukuta unajengwa upya, jina halijengwi. Tukagombana. Tumekula bila kuangaliana. Namwogopea na nimemkasirikia, yote kwa pamoja. Na mvua inanyesha.

Jumamosi, 13 Desemba

Mkutano umefanyika uani kwangu, wamekanyaga hata mchicha. Mwenyekiti akaamua lichimbwe duara moja la kujaribu, pale pale pa watoto. Hatua moja kutoka ukutani! Nikamwambia udongo umelowa, ukuta hautavumilia. Akasema wachimbaji ni watu wazoefu.

Vijana wawili wakaanza. Walipofika kiunoni nikaona ufa. Ulianzia kona ya dirisha, ukashuka. Doto naye akauona, akaanza kulia, anasema kitanda chao kiko hapo.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, anatazama chini. Nikaingia ndani, nikatoka na suruali yake ya jana ambayo sijaifua, na ndoo ya maji safi. Nikasema kwa sauti wote wasikie: anayetaka dhahabu ya kiwanja hiki aje aione inapotoka.

Kuna aliyecheka. Nilipochukua karai, mume wangu akapenya katikati ya watu. Nikajua anakuja kuninyang'anya. Akavua shati alilorudi nalo kazini, akalitia karaini juu ya suruali, akabaki na singlendi.

"Fua," akaniambia.

Nikafua. Mzee Masanja akauosha ule mchanga uliotuama chini, kwa sababu mimi wasingeniamini. Akazungusha, akazungusha. Akainua karai kwa mwenyekiti.

"Ni ya karasha hii," akasema. "Chini hapa hamna kitu."

Waliguna, wengine wakacheka. Wa chapati akauliza kama kuna atakayenunua zilizobaki. Wakang'oa vigingi vyao wakaenda. Mume wangu akabaki amesimama kwenye tope na singlendi yake, hakuna aliyemuaga. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda pale, na nilikuwa na hofu tupu.

Jumapili, 14 Desemba

Mwenye karasha ametuma mtu. Hamtuhumu baba watoto, amesema. Apumzike kwanza.

Sote wawili tunajua maana yake. Mume wangu hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alhamisi, 18 Desemba

Mvua imepumzika. Mume wangu amefukia lile shimo jana, leo anaziba ufa. Si fundi, plasta yake ina mabonde.

Wanangu wamerudi kwenye tope. Machimbo hawachezi tena. Sasa wanacheza mkutano. Kulwa kajifunga khanga yangu, yeye ndiye mimi: mkono kiunoni, sauti ya kufukuza kuku. Doto kavaa shati la baba yake, linamfika magotini. Mbwa wa Mzee Masanja ndiye mwenyekiti. Doto akavua shati, akalitia karaini, akasema "Fua" kwa sauti nzito. Niliziba mdomo kwa khanga nisicheke. Baba yao alikuwa amewapa mgongo, lakini mwiko wake wa plasta ulikuwa umesimama.

Kisha Kulwa akawa mwenye karasha. Akasema, "Upumzike kwanza."

"Halafu?" akauliza Doto.

Kulwa hakuwa na halafu. Wakatazamana. Wakamgeukia baba mwenyewe pale ukutani wakamwuliza: halafu baba anafanya kazi gani?

Akafikiri, plasta ikimdondokea mguuni. Akawaambia bado hajajua.

Doto akasema basi awe mwenyekiti, maana yule mbwa wao amekimbia. Baba yao akaweka mwiko chini, akageuza ndoo, akakaa katikati ya tope na suruali yake pekee iliyo safi. Akauliza mkutano ni wa nini.

Nikaenda kusonga ugali.