Kizibo cha Moyo Alichofuma Primitiva

Mama Casilda wa redioni, shikamoo, sisi hapa El Alto, huku juu milimani, tupo, mume wangu Zenón anakusalimu, mama mkwe Tomasa anakusalimu ila magoti yanamsumbua kwa baridi hii, na Wara, binti yangu wa miaka sita, anakusalimu kutoka kitandani, maana yeye ndiye mgonjwa.

Mwanangu kazaliwa na tundu moyoni, kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya juu, akipanda kilima kidogo anahema kama bibi kizee. Daktari anasema hatapasua kifua, atapitisha kizibo kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni. Vizibo hivyo wanavifuma wanawake wenzetu hapa hapa, kwa waya mwembamba kama unywele, na cha Wara kafuma Primitiva, aliyekuwa mchumba wa Zenón kabla yangu! Alinisimamisha sokoni nikinunua viazi vikavu, "Dada Saturnina, cha mtoto nimefuma mwenyewe, toa wasiwasi." Nikamuuliza, "Nani kakutuma?" Akacheka tu. Nikamweleza Zenón, akasema, "Basi mtoto kapona, mikono ya Prima haina mfano." Prima! Mimi ananiita mama Wara miaka yote. Mama mkwe akadakia, "Ungejua kufuma, si ungemfumia wewe?"

Mama, sisi tumelelewa tukijua mfumaji huacha moyo wake kwenye uzi. Sasa kama kafuma na mapenzi yake ya zamani, mtoto si atamgeukia yeye, na baba afuate? Nimemdanganya daktari kwamba Wara ana mafua, kaahirisha hadi Jumatatu, anasema tusichelewe tena, na mimi sijatia saini karatasi ya ruhusa. Nijibu haraka, redio nitaiwasha tangu alfajiri.

Saturnina wa El Alto

*

Saturnina mwanangu, pole. Wivu unauma kuliko jino. Lakini tundu halijui nani alichumbiwa na nani! Unamkomoa Primitiva, anayehema ni Wara. Leo hii mwambie daktari hakuna mafua.

Habari ya uzi sikucheki, nami nimelelewa hivyo. Ila mwenye nia mbaya hakufuati sokoni kukutoa wasiwasi. Na kizibo kikishakaa, nyama ya moyo huota juu yake ikakifunika chote. Nyama hiyo nani kaifuma? Wewe, tumboni mwako. Zenón naye afunge mdomo wake, mwambie nimesema mimi.

Sasa sikiliza. Jumapili beba mkate, nenda na mumeo kwa Primitiva, mwombeni awe mama wa ubatizo wa Wara kwa ajili ya moyo huu, maana kwetu hata aliyekwisha kubatizwa huongezewa mama kwa jambo kubwa. Hatakataa. Na desturi yetu unaijua: mwanamume akimtamani mama wa ubatizo wa mwanawe, mvua ya mawe humtafuta mpaka shambani. Kuanzia hapo Primitiva ni dada yake, wako pia.

Barua ndefu umeshaniandikia. Imebaki kuandika jina lako kwenye karatasi ya daktari. Kisha niletee habari za Wara upesi, nami sitalala vizuri mpaka nizipate.