Sikio la Mtamba wa Faida

Shikamoo Mama Apolonia. Naomba msaada wako kabla sijapata wazimu, na jina langu usilitaje, maana hapa Songwa tunajuana mpaka mbwa wetu.

Mwaka jana alikuja mtu anayeitwa Thobias, mpole, anaongea taratibu, akasema ana shimo la dhahabu huko Geita na wachimbaji wake wanataka maziwa, basi atakayemwachia ng'ombe atarudishiwa huyo na mwingine juu yake, nami nikaona si jambo geni kwa sababu sisi huachiana ng'ombe kuchungiana bila kuandikiana chochote, nikampa watatu, mmoja wao mtamba, akanionya nisimwambie mtu, eti serikali ikisikia italifunga shimo. Baada ya masika akaniletea mtamba mmoja, akasema ndiyo faida ya kwanza. Sikio la mtamba lilikuwa na kidonda, akasema ni kupe, nikalipaka majivu.

Mama, furaha ilinipumbaza. Nikamshawishi dada yangu Nyamizi, ambaye ni mjane, naye amekubali kutoa ng'ombe wote wa mahari ya binti yake, na Thobias atakuja kuwachukua pamba ikishauzwa. Sasa kidonda kimepona na chini yake nimeona mikato miwili ya zamani, ambayo ni alama ya jirani yangu Mabula, maana hapa kila mfugaji huwakata ng'ombe wake sikio kwa alama yake. Mabula mwenyewe anajisifia mtamba mpya, ambaye pia ana kidonda sikioni, lakini Mabula hasemi kampata wapi. Naogopa sana. Nikisema, sungusungu wanaolinda kijiji watakuta ng'ombe wa mtu zizini mwangu, na nani ataniamini? Mabula akipita namficha mtamba nyuma ya nyumba. Mke wangu akiniuliza mbona natetemeka, namwambia ni malaria.

Mwenye hofu, Songwa

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na hofu yako naielewa, ila malaria hiyo umejiambukiza mwenyewe.

Wewe ni mfugaji. Ukimwachia jamaa ng'ombe, unalijua zizi lake, unamjua mama yake, na siku yoyote unakwenda kuwatazama. Hilo shimo la Geita umeliona? Zizi la Thobias liko wapi? Ulimpa desturi ya ndugu mtu usiyemjua hata kwao. Na aliposema usimwambie mtu, ungetia shaka papo hapo, kwa maana alichokiogopa si serikali, ni wewe na Mabula kukaa pamoja mkaongea. Faida hiyo haikutoka kwenye dhahabu. Anachukua kwa huyu anampa yule, na kwa kila mtamba mmoja anayemleta anaondoka na kundi.

Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kwa Nyamizi umwambie yote uliyoniambia. Atakulaumu, nawe umsikilize. Ng'ombe wake wasitoke zizini hata kama Thobias atakuja analia.

Kesho asubuhi mfunge mtamba kamba, umswage barabarani watu wakikuona, umpeleke kwa Mabula. Anayefichwa nyuma ya nyumba ndiye atakayekufanya mwizi. Kisha nendeni wawili kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi, ili Thobias akija pamba ikishauzwa awakute wanamngoja.

Najua miguu itakuwa mizito kufika kwa Mabula. Ukifika, kabla hujaanza kujieleza, mwombe akuonyeshe mtamba wake mpya, umshike sikio lenye kidonda na upapase chini yake kwa kidole. Nadhani mkato huo utaujua, maana uliukata mwenyewe.