Ng'ombe wa Tahadhari

Dada Rehema,

Mwangaluka kutoka Bariadi, kwenye jua kali na michembe ya viazi vikavu na karanga! Jana nilijitambulisha kwa akina Nyamizi, mchumba wangu. Baba yake akaniuliza nasoma nini chuoni. Nikasema kimeng'enya cha kongosho la ng'ombe, kinachokata protini. Kikizaliwa hakiumi, kwa sababu kina kifuniko mdomoni kama ndama anayeachishwa kunyonya.

"Cha ukoo gani?" akadakia shangazi yake, maana huku mgeni huulizwa ukoo kwanza. Nilifurahi mno! Nikaeleza kwamba tunavipanga kwa umbo: kifuniko kina ukoo wake, kikataji kina ukoo mwingine.

"Kumbe wameoana," akasema mzee. Kina mama wakapiga vigelegele.

Laiti ningeishia hapo! Nikaongeza kwamba wakifika utumboni hutenganishwa, halafu kikataji huanza kumtafuna mwenzake.

Shangazi akamvuta Nyamizi akae mbali nami.

Mwambie baba mke tumepewa, ila mahari imeongezwa ng'ombe mmoja wa tahadhari. Nimekukumbuka sana, dada yangu. Uje harusini na tumbo tupu, nyama ipo. Ukiulizwa nasoma nini, sema ushonaji.

Mdogo wako,
Beni