Njia ya Ndani Kutoka Gilgil

Kamau mjukuu wangu,

Hapa mtaani Free Area tu wazima, mama yako anakusalimu. Unauliza kwa nini nilifoka uliposema utakuja na pikipiki kwa barabara kuu.

Mimi na babu yako, ndio kwanza tumeoana, tulikuwa kwenye pikipiki yake basi lilipotusukuma mtaroni karibu na Gilgil. Dereva hakugeuka hata kutazama. Nikaokota jiwe.

"Wacha, Wambui," babu yako akasema. "Tupite njia ya ndani."

Nilimwita mwoga njia nzima. Kilimani juu ya ziwa Elementaita akasimamisha pikipiki.

"Ona flamingo."

Nikageuza uso makusudi.

Dereva yule sijamsamehe. Lakini babu yako sasa hayuko, na ninayemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe. Pita ndani, Kamau. Ukifika pale juu ya ziwa, uwaangalie wale ndege.

Shosho wako